Kufundisha muziki shule ya msingi kwa michezo ya bure mtandaoni: hatua kwa hatua

Mwalimu mwenzangu, kama shule yako haina kinanda lakini ina kompyuta mpakato moja, au hata simu yako tu, bado unaweza kufundisha mapigo na solfa (do, re, mi) hadi watoto wakaviona kwa macho. Mchezo ninaoutegemea kuliko yote ni Song Maker, ambao mtoto anabonyeza visanduku kwenye skrini na vinageuka wimbo. Umo ndani ya Chrome Music Lab, tovuti ya Google iliyofunguliwa mwaka 2016. Ni bure, hauhitaji kujisajili wala jina la mtoto, na unafunguka kwenye kivinjari cha kawaida. Mwongozo huu nimeuandaa kwa darasa la 3 hadi la 5.

Hatua ya 1: Andaa mapema

Fungua ukurasa kabla ya kengele, ili darasa lisikae kusubiri mtandao. Chomeka spika, sauti ya simu pekee haifiki nyuma ya darasa. Kama huna projekta, gawa watoto kwenye vikundi: kimoja kwenye kompyuta, vingine kwenye ngoma, madebe na makofi, kisha wabadilishane zamu.

Hatua ya 2: Ngoma kwanza, kompyuta baadaye

Usiwashe skrini bado. Mtoto akiiona, hasikilizi tena. Wasimamishe wote, miguu ikanyage polepole: kushoto, kulia. Kila hatua ya mguu ina nafasi tatu ndani yake, kwa hiyo hatua mbili ni nafasi sita. Juu ya miguu hiyo waseme “njoo tucheze”. “Njoo” ivutwe nafasi mbili, “tu” ikae ya tatu, “che” ya nne, “ze” ya tano, na ya sita iwe kimya. Miguu itaangukia “njoo” na “che”. Wakizoea, waongeze makofi kwenye “njoo”, “tu” na “ze”.

Hapo wameshapiga mapigo matatu ya mikono juu ya mawili ya miguu, mfumo unaosikika katika ngoma nyingi za Afrika. Watoto waliokulia penye ngoma huushika haraka ajabu. Wengine watahitaji kipindi kizima, na hicho kipindi wape. Usikimbilie hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Badilisha mpangilio wa mchezo

Hapa ndipo walimu wengi hupitiliza. Song Maker ikifunguka huwa imepangwa mapigo manne kwa kila kipimo (yaani kila fungu la mapigo), na kila pigo limegawanywa mara mbili. Ukiiacha hivyo, ngoma yenu itageuka machi ya gwaride. Bonyeza Settings. Kwenye Beats per bar weka 2, na kwenye Split beats into weka 3. Sasa kila kipimo kina visanduku sita, sawasawa na nafasi zile walizozihesabu kwa miguu.

Punguza na kasi. Mchezo huanza na mapigo 120 kwa dakika. Anza na 60 au 70.

Hatua ya 4: Waandike walichokipiga

Chini kabisa ya skrini kuna mistari miwili ya ngoma. Mstari wa chini ufanye miguu: bonyeza kisanduku cha 1 na cha 4. Mstari wa juu ufanye makofi: cha 1, cha 3 na cha 5. Usibonyeze wewe. Uliza, “‘Che’ iko kisanduku cha ngapi?” Acha wabishane, kisha mmoja aje aweke. Bonyeza Play, na darasa lote licheze pamoja na mchezo. Akikosea, sikio la darasa litamwambia kabla yako.

Wakishamaliza kipimo kimoja, kila kikundi kijaze kinachofuata kwa mapigo yake chenyewe.

Hatua ya 5: Ingiza solfa

Rudi Settings, na kwenye Scale chagua Pentatonic. Zitabaki sauti tano: do, re, mi, so, la. Fa na ti zinaondoka, na ndizo zinazoleta migongano mtoto anapobonyeza ovyo. Nyimbo nyingi za watoto na za jadi zinatoshea humo. Kila sauti ina rangi yake: do ni nyekundu, re ni rangi ya chungwa, mi ni njano. Do ya juu nayo ni nyekundu, kwa hiyo watoto wanaona wenyewe kwamba ni sauti ileile imepanda. Kwa walimu wa kwaya hili ni dhahabu, maana solfa ya ubaoni haionyeshi kupanda na kushuka.

Kazi yao: waweke sauti juu ya “njoo tucheze” ya darasa, kisha wauimbe wimbo wao kwa solfa, skrini ikiwa imenyamazishwa. Kikundi kisichoweza kuimba kilichokiandika kipunguze idadi ya sauti mpaka kiweze. Hapa mimi huwa mkali, kwa sababu kubonyeza visanduku peke yake si kujifunza muziki.

Hatua ya 6: Hifadhi

Bonyeza Save, utapewa kiungo. Kitume kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, nao wafungue na kusikiliza bila kusakinisha chochote.

Kwa vipindi vinavyofuata, darasa la 1 na la 2 wape Kandinsky, iliyomo humohumo: mtoto anachora mstari, nao unageuka sauti. Wakubwa wanaoanza kuimba sauti nne wape Blob Opera, pia ya Google. Ukimvuta mwimbaji mmoja juu au chini sauti yake inapanda au kushuka, na wenzake watatu wanamfuata kwa upatanifu. Mwambie kila mtoto achague mwimbaji mmoja na kumfuatiliza kwa sauti ndogo. Atakayeweza kumshika huku wengine wanaimba tofauti, mpange kwenye kwaya ya shule.