Karanga za kuchemsha, kwa saa za Arusha

Karanga nilizochemsha mara ya kwanza baada ya kuhamia Arusha ziliniaibisha mbele ya mawifi. Kwetu Moshi, pale Pasua, mama alikuwa akibandika sufuria tukishakula mchana, na ikifika saa kumi tunamenya. Hapa Sakina nikafuata saa zilezile, nikaepua, nikamimina kwenye sinia. Wifi mkubwa akatafuna moja, akaniambia taratibu, "Wifi, hizi bora ungezikaanga."

Aliyenifumbua macho ni mdogo wangu, anafundisha fizikia. Moshi mjini ni mita 800 na ushee kutoka usawa wa bahari, Arusha inafika 1,400. Unavyozidi kupanda, maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha: hapa yanatokota kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Hata ukijaza mkaa hayapandi zaidi ya hapo, yanakauka tu haraka. Nilikuwa nachochea moto bure. Kilichopungua ni muda.

Sasa tuanze sokoni. Mimi huenda Tengeru siku ya gulio, Jumatano au Jumamosi, masika yakishakwisha na karanga mpya zimeanza kuingia. Unatafuta mbichi kabisa, za kwenye maganda, zenye udongo na vijimizizi. Chukua moja uitikise karibu na sikio. Ikigongagonga ndani, imekauka. Ikikaa kimya, ndiyo yenyewe. Pasua mbili tatu hapohapo, muuzaji mzoefu hanuni, uone kama punje imejaa ganda. Ukikuta ukungu au punje zilizosinyaa na kubadilika rangi, achana nazo hata ukipunguziwa bei. Huko ndiko inakokaa sumukuvu, na haiishi kwa kuchemshwa. Mwaka 2016 ilileta msiba Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na karanga nazo inazipenda vilevile.

Osha kwa maji matatu au manne, ukizisugua viganjani mpaka maji yatoke safi.

Kwa kilo moja ya karanga natia lita tatu za maji na vijiko vitano vya chakula vya chumvi. Usishtuke, ganda linazuia nyingi isifike kwenye punje. Maji natumia ya mvua. Mengi ya huku chini ya Meru yana floraidi, hiyohiyo inayotia meno kahawia, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua ndiyo kwanza inazidi kukolea. Magadi usitie. Najua sisi wa Kilimanjaro tukiona kitu kigumu mkono unakimbilia magadi, lakini kwenye karanga yanaacha ladha ya sabuni.

Ukizimimina zitaelea. Si mapepe, ni hewa iliyo ndani ya maganda. Zifunike kwa sahani ya bati, juu yake weka jiwe lililooshwa, kisha mfuniko. Maji yakishachemka, punguza mkaa yabaki yanatokota polepole. Moshi nilikuwa nikihesabu saa moja na nusu. Hapa ni mbili na nusu, na siku nyingine tatu, kutegemea zilivyokomaa. Maji yakipungua ongeza ya moto, siyo ya bombani, maana ya baridi yatakurudisha nyuma. Saa mbili zikipita anza kuonja. Karanga ni ndugu wa maharage, si wa korosho, kwa hiyo ipime kama haragwe: ikipondeka kwa ulimi bila kusaidiwa na jino, imeiva.

Imeiva, lakini haijakolea, na hapa ndipo watu wanapokosea: wanaepua na kumwaga maji hapohapo, halafu wanalalamika chumvi imebaki nje. Karanga ikiwa motoni imejaa mvuke ndani ya ganda. Ikianza kupoa, mvuke unageuka maji, panabaki nafasi, na maji ya chumvi yanavutwa kuingia. Kwa hiyo epua, acha jiwe lako palepale, kaendelee na kazi nyingine. Onja baada ya nusu saa, onja tena baada ya saa. Ukipasua ganda likakurukia maji ya chumvi usoni, chuja.

Kama umekosa mbichi ukapata za maganda zilizokauka, ziloweke usiku kucha, kisha jiandae kukaa jikoni saa nne au tano. Kwa bei ya mkaa ya sasa, hizo nakushauri usikilize ushauri wa wifi yangu.

Zilizochemshwa hazikai. Nje zile siku hiyohiyo. Kwenye friji siku nne, tano, ndani ya chombo chenye mfuniko. Zikianza kuteleza vidoleni, tupa.

Na yale maji ya chumvi yamwage chooni au kwenye mtaro. Mimi niliyamwaga bustanini nikidhani ni mbolea, mchaichai wote wa mama mkwe ukakauka, na mpaka leo nyumba hii wanajua uliliwa na mchwa.