Kuiondoa kangaga kwenye majaruba ya zamani ili mikoko irudi

Nimelima mpunga misimu tisa kaskazini mwa delta ya Rufiji, kwenye ardhi ambayo mama aliikuta bado ni msitu wa mikoko ya mchu na msikundazi. Unafyeka, unachoma, unapanda. Misimu ya mwanzo mpunga unakubali, kisha magugu yanakushinda, unahamia mbele. Jaruba ulilolihama ukilirudia baada ya masika mawili, gugu liitwalo kangaga limekupita kimo, majani magumu kama ngozi ya mbuzi iliyokauka, na chini yake giza tupu. Mche wa mkoko hauoti humo.

Sasa niko kwenye kikundi kinachorudisha msitu ule ule niliousaidia kuuangusha. Wanaonicheka wana haki yao. Lakini kangaga naijua.

Cha kwanza, panga liache nyumbani, nenda ukaangalie maji. Kangaga iliyokomaa inavumilia chumvi, ila inayochipua haiiwezi sana, ndiyo maana imejaa mahali palipoinuka na mahali ambapo bahari imezuiwa. Na aliyeizuia ni mimi na wewe: lile tuta tulilolijenga ili maji ya chumvi yasiguse mpunga. Tuta likibaki, utafyeka mpaka uzeeke. Tafuta mkondo wa zamani ulipopita, utaujua kwa matope laini meusi na mashimo mengi ya kaa, utoboe tuta hapo tu, upana wa hatua mbili. Maji yenyewe yatapanua njia. Mwaka wa kwanza sisi tulibomoa tuta zima kwa siku moja, tukaimba na kuimba; bamvua lililofuata, yale maji makuu ya bahari, likaondoka na miche yote na udongo wake.

Na kabla ya hayo yote, onana na serikali ya kijiji na watu wa TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu. Mikoko ni msitu wa hifadhi, na mtu anayeonekana na panga humo ataulizwa.

Kufyeka kuna siku zake. Sisi tunaingia mwisho wa maji mafu, zile siku bahari haijai sana, wakati jaruba ni kavu na mguu hauzami mpaka gotini. Tunakata chini kabisa, usawa wa tope, ili bamvua likiingia siku chache baadaye maji ya chumvi yakae juu ya vidonda. Ukikata mwanzo wa maji mafu, kangaga inapata wiki nzima ya kupona.

Kukata majani peke yake ni kuinyoa nywele. Uhai wake uko kwenye kisiki, kile kichuguu cha mizizi myeusi kilichoinuka juu ya tope. Kipasue kwa jembe: ndani ni cheupe, na juu kuna machipukizi yamejikunja kama mkia wa kinyonga. Ukiacha chipukizi moja, mwezi ujao utalikuta limekunjuka. Ila usijitie kung'oa jaruba zima, mgongo utakatika. Chagua mahali pa mche, ng'oa visiki hatua moja kila upande, kwingine fyeka tu. Ukingoni mwa mto usiguse kabisa, kangaga ya pale inashika udongo.

Ulichokikata kitoe siku hiyo hiyo, ukirundike juu ya tuta. Kikibaki kitaelea, na maji yakitoka kitaulalia mche kama mkeka uliolowa. Nimefunua rundo moja la majani nikakuta miche sita ya mchu chini yake, imeoza shingoni.

Gugu la pili ni ule mmea unaotambaa, unapanda mti hadi kileleni na kuuinamisha. Sisi tunauita kamba tu. Usiuvute, utavunja matawi. Ukate chini, uache ukaukie juu. Maganda ya mbegu zake yanaelea na kusafiri na maji, kwa hiyo yaokote kabla hayajaanguka. Mizizi yake ina sumu inayoua samaki, usiisuuze mtoni.

Dawa ya kuua magugu sitaki hata kuisikia. Maji ya jaruba yanaingia kijito, na kijito ndicho kinacholea kamba wale wengine, wa kuliwa, ambao nusu ya majirani zangu wanawategemea.

Mche nao uwe wa mahali pake. Mradi mmoja ulituletea mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya magongo, tukaupanda juu kwenye majaruba yanayofikiwa na bamvua tu. Ulikauka, kangaga ikajirudia. Juu panda mchu, msikundazi na mkomafi. Penye maji yasiyo na chumvi nyingi, mtomondo. Chukua miche mirefu ya kitaluni, inayofika kiunoni, isianze maisha kwenye kivuli cha gugu.

Masika ya kwanza tunarudi kila mwezi, baadaye kila miezi mitatu. Mchu ukishaipita kangaga na matawi yakigusana, tunaacha. Kivuli kinamaliza kazi.

Jambo lililotugharimu kuliko yote ni panga lenyewe. Mche mchanga ndani ya magugu hauonekani, na siku ya kazi ya wengi kila mtu anataka kuonyesha kasi. Shemeji yangu alikata kumi na mmoja asubuhi moja huku mimi nikipiga kelele, "Shemeji, huo ni mchu!" Tangu hapo kila mche tunauchomekea upongoo wa kuti wenye kitambaa chekundu. Tulianza na fito, mpaka mzee mmoja akatuuliza fito hizo tumezikata wapi.