Somo: Kujitengenezea Ngazi za Utepe za Kukwea kwa Vifaa

Nimeamua kuliandika somo hili kwa ukamilifu, kwa sababu swali la namna ya kufunga ngazi za utepe hurudi kila mara, na jibu la mistari miwili halimtoshi mtu anayekwenda kuutundika uzito wake wote kwenye kazi ya mikono yake. Anayekwea kwa vifaa hashiki mwamba. Hupachika nati (kipande cha chuma kinachokabwa ufani) au pitoni (msumari bapa wa kugongomea) kwenye ufa, au ndoano kwenye ukingo wa mwamba, akatundika ngazi, akapanda vidato vyake, kisha akapachika kifaa kingine juu zaidi. Kati ya vifaa vyote vya kazi hiyo, ngazi ndiyo ninayoona inafaa kutengenezwa nyumbani, kwa kuwa hubeba uzito wa mwili tu. Kazi ya kuudaka mwanguko ni ya kamba na hanesi (mikanda ya kiunoni na mapajani), navyo hununuliwa dukani.

Mahitaji ni machache: utepe wa nailoni uliofumwa kama mrija, wenye upana wa milimita 25, mita 6 kwa kila ngazi, futi ya kupimia, kisu na mshumaa, na karabina (pete za chuma zenye mlango wa springi) mbili zilizothibitishwa. Utahitaji ngazi mbili.

Hatua ya kwanza ni kuuhakiki utepe. Utepe wa mrija wa nailoni wa kukwelea, ukiwa mpya, huhimili takriban kilonewtoni 18, yaani mzigo wa kilo 1,800 hivi, na fundo hupunguza nguvu hiyo kwa theluthi moja au zaidi. Utepe wa mabegi unaouzwa kwa mita sokoni mara nyingi ni wa polipropilini, nao hauna nguvu ya namna hiyo. Kata kipande kidogo, kikamue hewa ndani ya kikombe cha maji, kisha kiache: polipropilini huelea, nailoni huzama. Kumbuka kwamba poliesta nayo huzama, kwa hiyo jaribio hili linakuonyesha utepe wa kukataa tu, haliwezi kukuthibitishia utepe wa kununua. Nunua kwa muuzaji wa vifaa vya kukwea ambaye anaweza kukuonyesha kiwango cha nguvu kilichoandikwa na mtengenezaji.

Hatua ya pili, kata mita 6 na uyeyushe ncha zote mbili ili nyuzi zisifumuke.

Hatua ya tatu ni fundo la juu, na ndilo lililonifanya niandike. Fundo hili huitwa fundo la Frost, kwa jina la Tom Frost, Mmarekani aliyekwea kuta kubwa za mwamba za Yosemite, California, na kazi yake ni kuziunga ncha mbili za utepe na papo hapo kuacha jicho la kutilia karabina. Kunja ncha ya kwanza irudi juu yake yenyewe kwa sentimita 40. Chukua ncha ya pili, uilaze katikati ya mkunjo huo, ili tabaka ziwe tatu: mkunjo juu, ncha ya pili katikati, mkunjo chini. Zifunge tabaka zote tatu kwa pamoja fundo moja la kawaida, huku mkunjo ukitokeza juu kama jicho la sentimita 7 hivi. Sasa zikague tabaka moja baada ya nyingine kuanzia zinapoingia hadi zinapotokea: zote zilale bapa, sambamba, pasipo hata moja iliyojisokota au kuikalia nyingine njia. Mkia wa ncha ya pili utatokea juu, kando ya jicho, na mkia wa ncha ya kwanza utatokea chini. Kila mmoja usipungue sentimita 8. Fundo la utepe lina tabia ya kutambaa: kila linapobebeshwa uzito na kuachiwa, mkia hufupika kidogo, na hakuna sauti wala dalili nyingine itakayokuonya. Nimekagua ngazi za watu zilizokuwa nzuri kwa kutazama, lakini mkia wa juu ulikuwa umebaki upana wa kidole. Kwa hiyo likaze fundo kwa uzito wa mwili kabla ya kuendelea, usikaze kwa mikono peke yake, na uutazame mkia huo kila asubuhi ya kukwea. Usiushone mkia kwa uzi wa kawaida ukadhani umelimaliza tatizo, kwa kuwa uzi utakuficha mtelezo badala ya kuuzuia.

Hatua ya nne, funga vidato. Utepe sasa ni kitanzi kimoja kirefu chenye pande mbili. Shuka sentimita 38 hivi kutoka fundo la juu, ushike pande zote mbili pamoja na kufunga fundo la kawaida, lakini kabla ya kukaza vuta upande wa nje uwe mrefu kuliko wa ndani kwa sentimita 6. Tofauti hiyo ndiyo inayokiacha kidato wazi. Bila hiyo pande mbili hushikana, nawe utahangaika kuingiza kiatu huku umening'inia. Rudia mpaka uwe na mafundo matatu ya vidato. Kidato cha nne ni sehemu ya chini ya kitanzi chenyewe.

Hatua ya tano, itundike ngazi kwenye boriti au tawi imara, karibu na ardhi, kisha panda na kuruka ruka kwenye kila kidato.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Utepe uwe mita ngapi?
Jibu: Imeandikwa katika mahitaji na tena katika hatua ya pili.

Swali: Nina mkanda wa kiti cha gari la zamani, ni imara sana. Nikiutumia kuna shida gani?
Jibu: Usiutumie. Ni bapa na unateleza, haushiki fundo inavyotakiwa, na hujui umekaa juani miaka mingapi wala kama umewahi kugusa maji ya betri, ambayo huharibu nyuzi bila kuacha alama kubwa.

Swali: Mbona unatutisha hivyo? Watu wanatumia fundo lolote na hawajafa.
Jibu: Sijaandika ili kumtisha mtu. Nimeeleza fundo linavyofanya kazi na linavyoharibika. Mwenye fundo lingine alieleze hapa kwa hatua, pamoja na urefu wa mikia yake, nasi tulijadili.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa kuchomea Naivasha, vijana wanaokwea Hell's Gate huniletea kazi ndogo ndogo. Naweza kuwatengenezea pitoni na karabina?
Jibu: Marahaba, fundi. Karabina hapana: ya dukani inatakiwa kuhimili kilonewtoni 20 kwa urefu wake, na kasoro iliyo ndani ya chuma huioni kwa macho. Pitoni zina historia ya heshima katika ufundi wako. John Salathé, mhunzi mzaliwa wa Uswisi aliyekwea Yosemite miaka ya 1940, alichoshwa na pitoni za chuma laini zilizojikunja nyufani, akafua zake kwa chuma kigumu. Mwaka 1957 Yvon Chouinard alinunua tanuri kuukuu la mhunzi, akajifunza mwenyewe, akawa anauza pitoni moja kwa dola 1.50. Baadaye yeye huyo huyo aliwahimiza wakweaji waziache, kwa kuwa kuzigongomea na kuzing'oa kila mara kuliuchimba mwamba. Kwa hiyo ukizifua, fua kwa ajili ya kujifunza. Wakweaji wa Uingereza walianza na nati za kawaida za mashine zilizopitishwa kitanzi cha kamba, lakini kwanza waliondoa hesi za ndani ili zisikate kamba. Kazi hiyo ya kulainisha tundu ndiyo ningekupa wewe ujaribie, na nati hiyo ibebe uzito wa mwili tu, chini karibu na ardhi.

Swali: Natoka Tanga, kwetu mkonge ni mwingi. Je, kamba ya mkonge haiwezi kufanya ngazi?
Jibu: Leo sikushauri, kwa sababu mkonge huoza ukilowa na hukatika ghafla. Lakini swali lako lina mfano wa kweli. Januari 1943, Waitaliano watatu waliokuwa wafungwa wa vita Nanyuki, Felice Benuzzi na wenzake wawili, walitoroka kambini ili wakwee Mlima Kenya kwa vifaa walivyojitengenezea: kamba za mkonge zilizotoka vitandani, nyundo zilizogeuzwa shoka za barafu, na meno ya viatu yaliyotokana na mabati ya gari bovu. Kilele cha Batian kiliwashinda, wawili kati yao wakakifikia kilele cha Lenana, kisha wote wakarudi kambini wenyewe. Wao hawakuwa na nailoni ya kuchagua.

Swali: Mguu wangu hutoka kwenye kidato kila ninapohamisha ngazi ya pili. Kuna dawa?
Jibu: Ipo. Kata pete ya tyubu ya baiskeli, upana wa sentimita 2, uivishe kwenye pande zote mbili za utepe juu ya kidato kabla ya kufunga fundo linalofuata. Ukishaingiza mguu, ishushe pete hadi ikumbatie kiatu. Ukitaka kutoka, isukume juu kwa kidole. Weka mbili katika kila kidato, kwa kuwa mpira hupasuka upesi juani.