Kumsafirisha mbwa au paka kwa ndege: anza na kalenda, tiketi baadae

Wakuu, watu wengi wakishapata visa wanakimbilia tiketi, alafu wiki moja kabla ya safari ndo simu inaingia, "na tuna paka, inakuwaje?" Inakuwa hivi, paka anabaki. Manake makaratasi ya mnyama yana siku zake za kusubiri na hizo hata uwe na hela kiasi gani hazifupishwi. Mimi kazi yangu ni kuandaa wanyama wa watu kwa safari na kila mteja namuanzia hapohapo: andika tarehe unayotaka kufika, alafu hesabu kurudi nyuma, ndo utajua leo unatakiwa ufanye nini.

HATUA YA 1: Soma masharti ya nchi unayoenda

Ya nchi, sio ya shirika la ndege, hayo ni mambo mawili tofauti na yote yanakuhusu. Nenda tovuti ya serikali yao, mara nyingi ni idara inayoshughulika na kilimo au mifugo, usitegemee alichokuambia jirani aliyesafiri zamani.

Tofauti ni kubwa mno. Umoja wa Ulaya wanataka chipu (kidude chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi ya mnyama), chanjo ya kichaa cha mbwa, na siku 21 zipite baada ya chanjo ya kwanza. Ila kama unatokea nchi ambayo haipo kwenye orodha yao, inaongezeka kipimo cha damu cha kuona kama chanjo imeshika, damu inatolewa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, majibu yasome angalau 0.5 IU (kipimo cha kinga) kwa mililita, alafu unasubiri miezi 3 kuanzia siku ile damu ilipotolewa. Jumlisha mwenyewe, hapo miezi minne imeshaenda na bado hujagusa tiketi. Japani ukitokea nchi yenye kichaa cha mbwa ni siku 180 baada ya damu. Australia hata ukikamilisha kila kitu mnyama anapita karantini, siku 10 ndo kiwango cha chini, na kituo chenyewe ni kimoja tu nchi nzima, Mickleham kule Melbourne, kwa iyo hata kama wewe unaishi Perth ndege ya mbwa inaenda Melbourne. Marekani tangu tarehe 1 Agosti 2024 mbwa lazima awe ametimiza miezi 6, awe na chipu na fomu ya CDC (idara yao ya kudhibiti magonjwa), na akitokea nchi ambazo wanaziona zina hatari kubwa ya kichaa cha mbwa kuna makaratasi mengine juu ya hayo.

Angalia na nchi unayopitia. Ukiwa na tiketi mbili za mashirika tofauti, unaweza kulazimika kumchukua mnyama katikati ya safari na kumkabidhi upya, na hapo kwa macho ya sheria ameshaingia nchi hiyo, atadaiwa masharti yake.

HATUA YA 2: Chipu kwanza, chanjo ifuate

Hapa ndo wanyama wengi wanakwama, na sio kwamba hawajachanjwa, wamechanjwa vizuri tu ila mpangilio umepinduka. Chanjo inaandikwa kwenye namba ya chipu, sasa kama sindano ilipigwa Januari na chipu ikawekwa Machi, afisa atajuaje aliyechanjwa Januari ni mbwa huyuhuyu? Hiyo chanjo haihesabiki, unarudia na siku zinaanza upya. Kuweka vyote siku moja inakubalika, cha msingi chipu itangulie.

Chipu yenyewe iwe ya tarakimu 15, ile inayofuata viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785, manake ndo inayosomeka na mashine nyingi za viwanjani. Kila ukienda kwa daktari wa mifugo mwambie aiskani kabla hajaandika chochote, alafu wewe mwenyewe kaa chini ulinganishe tarakimu moja moja kwenye kila karatasi. Tarakimu moja ikiruka unazuiwa, na kwenye kaunta hakuna wa kukuonea huruma.

Chanjo isiishe muda pia. Kwa utaratibu wa Ulaya ukichelewa marudio hata kwa siku moja inahesabiwa kama chanjo ya kwanza, siku 21 tena, na kipimo cha damu kama kilihitajika nacho unarudia.

Alafu kuna vitu vya dakika za mwisho: cheti cha afya, ambacho kwa kuingia Ulaya kinadumu siku 10 tu tangu kisainiwe na daktari wa serikali mpaka ufike, kwa iyo ukikiwahi sana kinakufia mkononi. Na kwa mbwa wanaoenda Uingereza, Ireland, Malta, Finland au Norway, dawa ya minyoo tegu inatolewa na daktari kati ya masaa 24 na 120 kabla ya kufika, na saa inaandikwa kwenye karatasi. Paka hawahusiki na hiyo.

(Wenye kasuku, huu mwongozo sio wenu. Kasuku wa kijivu tangu 2017 yuko kundi la juu kabisa la CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), anzeni na ofisi ya vibali vya wanyamapori.)

HATUA YA 3: Piga simu shirika la ndege KABLA hujalipa

Kuna njia tatu: ndani ya kabini chini ya kiti cha mbele yako, au kwenye buti la ndege kama mzigo wako, au kago, yaani anasafirishwa kama shehena inayojitegemea na hati yake. Kabini ni kwa wadogo, mashirika mengi yanaishia kama kilo 8 pamoja na begi lake, na kila ndege ina idadi yake ya wanyama inayopokea, zikijaa zimejaa. Ndo maana nasema piga simu kwanza, nafasi ya mnyama ithibitishwe, alafu ulipe. Uingereza kwa mfano kipenzi wa kawaida haingii kwa kabini kabisa, anafika kama kago, mtu anakata tiketi akijua atambeba mapajani kumbe hakuna kitu kama hicho.

Watu wanaogopa sana buti. Sehemu ya wanyama ina hewa na mgandamizo sawa na kule mlikokaa nyinyi, joto linadhibitiwa, na rubani anapewa taarifa kuwa kuna kiumbe chini. Hatari kubwa iko nje, pale lamini mnyama akisubiri kupakiwa juani au kwenye baridi, kwa iyo chagua ndege ya usiku au alfajiri msimu wa joto, na ya moja kwa moja kama ipo hata ikizidi bei kidogo.

Wenye pua bapa, pug, bulldog, paka wa Kiajemi, hao njia zao za hewa ni finyu, joto na woga vinawabana pumzi, na mashirika mengi hayawapokei kwenye buti. Mimi mwenyewe kama hatoshei kabini nakushauri ufikirie mara mbili kama lazima aende.

HATUA YA 4: Kreti

Hili ndo boksi la kumsafirishia mnyama. Usikisie saizi yake, chukua futi kamba. Pima urefu kutoka pua mpaka shina la mkia (A), kutoka chini mpaka kiwiko cha mguu wa mbele (B), upana wa mabega (C), na kimo akiwa amesimama mpaka ncha ya kichwa au sikio, lile lililo juu zaidi (D). Kanuni ya IATA (umoja wa mashirika ya ndege duniani): urefu wa kreti ni A + nusu ya B, upana ni C mara mbili, kimo ni D + unene wa matandiko. Mbwa mwenye A 60, B 30, C 20, D 55 anataka kreti ya ndani sm 75 kwa 40, na kimo 55 kujumlisha matandiko. Pua bapa ongeza asilimia 10.

Iwe ya plastiki ngumu, mlango wa chuma, ifungwe kwa boliti na nati za chuma, vile vibanio vya plastiki vitoe. Matairi toa. Matundu ya hewa pande zote nne, vyombo vya maji na chakula vifungwe mlangoni viweze kujazwa bila kufungua. Chini weka kitambaa au pedi inayonyonya, usiweke majani makavu, nchi nyingi hazitaki.

Alafu mzoeze, na hapa ndo wiki zako kadhaa za kusubiri damu zinapata kazi. Kreti ikae sebuleni wazi, ale chakula humo, alale humo, baadae unafunga mlango dakika chache, unaongeza mpaka alale usiku mzima. Ukimwingiza mara ya kwanza uwanjani usishangae akitafuna mlango mpaka meno yatoke damu.

Dawa ya kumlewesha hapana. Inashusha presha, inavuruga joto la mwili, na akiyumba kule hakuna wa kumwangalia. Mashirika mengi yakimwona amelewa yanamkataa.

HATUA YA 5: Siku yenyewe

Mlo mwepesi masaa 4 mpaka 6 kabla, maji usimnyime. Chombo cha maji kigandishe usiku, kitayeyuka taratibu bila kumwagika wakati wa kupakia. Mtembeze achoke, ajisaidie. Karatasi halisi unakaa nazo wewe, nakala kwenye bahasha ya plastiki juu ya kreti, pamoja na namba yako ya kule unakofika.

Kwenye ukaguzi begi tupu ndo linapita kwenye mashine, mnyama unambeba. Paka avae mkanda wa kifuani na kamba, na omba chumba cha pembeni mlango ufungwe, paka akichomoka uwanjani kumkamata ni shughuli.

Ukifika uliza kwanza wanyama wanatokea wapi, mara nyingi sio kwenye mkanda wa mabegi, na kama ni kago ni jengo lingine kabisa na forodha inaweza kuchukua masaa. Kreti usifungue hapo nje hata akilia vipi, subiri mfike chumba chenye mlango.