Maganda ya Nzi Chuma Yasiishie Jalalani

Ndugu mfugaji wa funza wa nzi chuma (black soldier fly), ingia kwenye kile chumba cha giza unamowekea pupa mpaka wawe nzi. Chini utakuta maganda ya kahawia, mepesi, makavu, yaliyoachwa na nzi walipotoka. Wengi huyafagia na kuyamwaga. Inaniuma kila ninapoona hivyo, maana katika mradi mzima wa nzi chuma hapo ndipo penye kitini nyingi kuliko popote.

Kitini ni polimeri ya asili inayompa mdudu ugumu wa mwili, na ndiyo iliyomo kwenye magamba ya kaa na kambamiti na kwenye kuta za uyoga. Funza mkavu ana kitini isiyozidi sana sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Ganda tupu la pupa linaweza kufika robo au zaidi. Kilichobaki kwa sehemu kubwa ni protini na chokaa. Kwa hiyo funza mzima mpe kuku au samaki. Kumsaga ili upate kitini ni kuharibu chakula kizuri.

Chekecha maganda kila wiki, kisha yapepete kwa ungo: matupu huruka, pupa wazito ambao bado hawajatoka hubaki, nao warudishe chumbani. Osha mara moja kwa maji safi, anika juu ya kichanja mpaka yavunjike yakifinywa. Yakihifadhiwa na unyevu hupata ukungu. Na kama funza wako walilishwa taka zenye mabaki ya kiwandani, maganda hayo yasiende shambani, kwani nzi chuma hukusanya kadmiamu, metali yenye sumu, mwilini.

Kiwandani kitini hutolewa kwa tindikali inayoyeyusha chokaa, halafu kostiki soda ya moto inayoondoa protini. Ili ipatikane kitosani, ile inayotumika kusafisha maji na kufunika majeraha, huchemshwa tena kwenye kostiki kali ya asilimia 40 hadi 50. Nakusihi usijaribu hatua hiyo nyumbani. Kostiki hupofusha macho, na maji yake yakimwagwa mtaroni huua udongo na samaki. Kikundi chenye mzigo mkubwa kitafute mnunuzi mwenye maabara, kimuuzie maganda safi na makavu.

Shambani kuna njia ya upole, yaani kuchachua. Saga maganda, yaloweke kwenye ndoo ya plastiki kwa maji, molasi kidogo na maji ya mtindi ambao haujachemshwa. Bakteria wa mtindi hula sukari na kutoa asidi. Asidi inakula chokaa, na protini nayo huanza kulegea. Chokaa ikiyeyuka hutoa gesi, tena nyingi, kwa hiyo mfuniko usikazwe hata kidogo. Koroga kila siku kwa wiki moja hivi. Harufu iwe ya uchachu kama mtindi. Ikinuka uozo, sukari ilikuwa kidogo. Chuja, suuza, anika. Hiyo ni kitini ghafi, haifai hospitali, lakini bustani inaifaa sana. Maji uliyochuja yamwage kwenye mboji.

Faida yake ni hii: kitini ikiingia udongoni, huongezeka vijidudu vinavyoila, wakiwemo kuvu wa trikodama. Vimeng'enya vyao huishambulia pia kitini ya maganda ya mayai ya minyoo fundo, wanaotia mizizi vinundu, na ya kuta za kuvu wa fuzari, anayeleta mnyauko. Mkulima wa nyanya anawajua wote wawili. Isitoshe, karibu asilimia 7 ya kitini ni naitrojeni.

Naitrojeni hiyo hiyo ndiyo inayodai uangalifu. Kitini nyingi ikioza kwa mkupuo hutoa amonia inayounguza miche, basi ichanganye kwenye mboji wiki tatu au nne kabla ya kupandikiza. Anza na tuta moja, jirani yake acha bila, kisha wakati wa kung'oa linganisha mizizi.

Jambo la mwisho ni vumbi. Unaposaga vaa barakoa na usagie nje, upepo ukiwa mgongoni. Vumbi la maganda ya wadudu huleta pumu kwa baadhi ya watu, na yeyote anayevimba akila kambamiti asipewe kazi hiyo kabisa.