Kujikagua usalama wa karakana ya vyuma na mbao kabla mshauri hajafika

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka kila mwenye mahali pa kazi afanyiwe ukaguzi kamili angalau mara moja kila baada ya miezi 12. Ukaguzi huo hufanywa na mshauri aliyesajiliwa, na nakala ya ripoti hupelekwa kwa Mkurugenzi wa DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini. Wenye karakana wengi huuona kama ada nyingine tu: wanalipa, wanapokea ripoti, wanaifungia kabatini. Hapo pesa zimepotea bure. Chini ya Sheria ya WIBA ya 2007, ile ya fidia kwa wanaoumia kazini, fidia ya ajali ni jukumu la mwajiri, na kwa kifo au ulemavu wa kudumu usiompa mtu uwezo wa kufanya kazi tena, hesabu yake ni mapato ya miezi 96. Bima ni lazima uwe nayo, lakini haitakurudishia mteja aliyekimbia kwa sababu oda ilikwama, wala haitakupa fundi mwingine mwenye mkono kama wa yule aliyeumia.

Jikague mwenyewe miezi miwili hivi kabla ya mshauri, ili ubaki na muda wa kurekebisha.

Anza na makaratasi. Toa daftari la ajali la mwaka mzima, vyeti vya ukaguzi wa winchi na wa minyororo ya kunyanyulia (minyororo hukaguliwa kila miezi 6), cheti cha tangi la kompresa, na kumbukumbu za kamati ya usalama ikiwa mna watu 20 au zaidi. Daftari likiwa jeupe, usifurahi haraka. Fungua kisanduku cha huduma ya kwanza: kama plasta na bandeji zimeisha na daftari halina hata mstari, ajali zipo ila haziandikwi. Hilo liandike kama kasoro ya kwanza.

Kisha zunguka karakana kazi ikiendelea, na saa usiitangaze. Karakana iliyofagiliwa kwa ajili ya mkaguzi haikuonyeshi chochote. Kama kuna zamu ya usiku au ya Jumamosi, nenda na hiyo pia, maana ndiyo isiyo na msimamizi. Fuata njia ya mali: kutoka lori linaposhusha vyuma na mbao hadi lango la kutolea bidhaa. Beba simu ya kupigia picha, futi na tochi.

Grenda, mashine ya mkononi ya kukatia na kusagia vyuma, ndicho kifaa cha kukaa nacho muda mrefu zaidi. Ichomoe kwenye umeme, uishike mkononi. Gadi, yaani kinga inayofunika jiwe, ipo? Mpini wa pembeni upo? Waya umefungwa kwa selotepu mahali popote? Soma kasi iliyoandikwa kwenye jiwe (diski inayozunguka) na ile iliyoandikwa kwenye mashine. Ya jiwe lazima iwe sawa au kubwa zaidi. Angalia pia tarehe ya mwisho ya matumizi, ambayo hupigwa chapa kwenye pete ya chuma ya katikati. Kosa linalojirudia ni hili: jiwe la milimita 230 likishalika kidogo, fundi huona hasara kulitupa, anavua gadi ya grenda ndogo ya milimita 115 na kulifunga humo. Grenda ndogo huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, na jiwe lile limetengenezwa kwa mzunguko wa 6,600 hivi. Likipasuka, vipande vinamwendea usoni au shingoni, na miwani haizuii shingo. Mengine hupasuka kwa sababu jiwe jembamba la kukatia limetumiwa kusagia kwa ubavu. Dawa yake ni mawe yatolewe stoo kwa kubadilishana, jiwe lililolika likirudishwa livunjwe pale pale.

Kwenye msumeno wa meza, tazama bati linalosimama nyuma ya msumeno. Kazi yake ni kuzuia mbao isijifunge baada ya kupasuliwa. Ikijifunga, meno ya nyuma huinyanyua na kuirusha kwa aliyesimama mbele. Pengo kati ya bati na meno, usawa wa meza, lisizidi milimita 8. Fimbo ya kusukumia mbao iwe na urefu wa milimita 450 angalau na iwe karibu na mkono, maana sentimita 30 za mwisho ndizo zinazokata vidole. Kwenye mashine ya kunolea ya mezani, pengo kati ya jiwe na kiegemeo cha kuwekea kinachonolewa lisizidi milimita 3. Pima kwa futi, usikisie.

Umeme: bonyeza kitufe cha majaribio kwenye kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile cha miliampea 30. Kisipokata, hesabu kwamba hukina. Mitungi ya kuzimia moto yenye geji iwe na mshale kwenye kijani; wa CO2 hauna geji, hupimwa kwa mizani. Mitungi ya oksijeni na asetilini isimame wima, imefungwa mnyororo, na mkono wenye grisi usiguse valvu ya oksijeni. Mlango wa dharura uwe wazi bila kutafuta ufunguo. Ukilazimika kupaza sauti kwa mtu aliye mita moja kutoka kwako, kelele zimefika karibu desibeli 90, kikomo cha Kenya kwa saa nane. Hapo tafuta wa kuzipima.

Uandishi wa kasoro ndio unaoua kaguzi nyingi. “Wafanyakazi ni wazembe, wahimizwe kuvaa vifaa” haimsaidii mtu. Andika: “Grenda namba 4 haina gadi, gadi ilitolewa ili jiwe la 230 liingie, gadi mpya inunuliwe, msimamizi wa stoo, kufikia Ijumaa.” Kinachoweza kuua leo kisimamishwe leo, hata kama oda inangoja. Glavu na miwani viwe jibu la mwisho, baada ya kujaribu kuondoa hatari yenyewe au kuiwekea kizuizi.

Usifunge kasoro kwa picha ya WhatsApp. Nenda kwenye mashine, urudi tena baada ya siku 30, kwa kuwa gadi huvuliwa tena kazi ikiwa ngumu. Ukiikuta imevuliwa, muulize fundi alikuwa anakata nini. Mara nyingi atakuonyesha kona ambayo gadi ile haiwezi kuingia, na hapo kinachotakiwa ni mashine nyingine ya kazi hiyo, au njia nyingine ya kuikata.