Mambo ya Kuandaa Jikoni, Mtungini na Mwilini Kabla ya Mvua za Novemba

Kila mwaka, kuanzia Septemba, familia nyingi za Iringa, Njombe na Mbeya, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, hushughulika na maandalizi ya msimu wa kilimo: mbegu hununuliwa, mbolea hutafutwa, majembe hutiwa mipini mipya, na mahindi ya akiba huhesabiwa kwa magunia. Ni nadra kusikia mtu akiuliza iwapo miili itakayolima mashamba hayo imeandaliwa. Swali hilo linatuhusu kwa namna ya pekee, kwa sababu utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban asilimia 57 ya watoto wenye umri chini ya miaka 5 mkoani Iringa walikuwa wamedumaa, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Njombe na Rukwa, mikoa inayosifika kwa mavuno, ilikaribia asilimia 50. Ghala lililojaa mahindi, kwa hiyo, halithibitishi kwamba waliomo ndani ya nyumba wamelishwa. Mahindi hutupa nguvu, lakini madini mengi mwili unayapata kwingine, na huko kwingine ndiko kunakosahaulika pale ambapo mama anatoka shambani jioni akiwa hoi.

La kwanza kukaguliwa ni chumvi. Udongo wa milimani, uliooshwa na mvua kwa karne nyingi, una madini joto machache, na ndiyo maana zamani tezi la shingo lilikuwa jambo la kawaida katika nyanda hizi. Uvimbe wa shingo huonekana kwa macho, lakini madhara makubwa zaidi humpata mtoto aliye tumboni, ambaye ubongo wake hukua vibaya madini hayo yakipungua. Inunuliwe chumvi iliyoandikwa kwenye pakiti kwamba ina madini joto, wala isichukuliwe ile ya mawe inayouzwa kwa ajili ya mifugo. Nyumbani kwetu chumvi ilikaa katika kopo lisilo na kifuniko, juu kidogo ya mafiga, ikipata mvuke na joto kutwa nzima. Sasa ninajua kwamba sehemu ya madini yake ilikuwa ikipotea kabla ya kufika chunguni. Iwekwe kwenye chombo chenye kifuniko, mahali pakavu pasipo na jua, na itiwe mwishoni mwa mapishi. Kiasi chake kisizidi gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, kwa kuwa inayozidi huchangia shinikizo la damu.

Madini chuma yanahitaji maandalizi marefu zaidi. Nyama, maini na dagaa hutoa chuma kinachofyonzwa kwa urahisi; maharage na mboga za majani hutoa kile kinachohitaji msaada. Msaada huo ni vitamini C, inayopatikana katika mapera, machungwa, limao na nyanya mbichi zinazoliwa katika mlo uleule. Kizuizi cha chuma hicho ni chai, nasi tunaoishi karibu na mashamba ya Mufindi na Rungwe tumezoea kuinywa pamoja na chakula chenyewe. Hakuna anayetakiwa kuiacha. Isogezwe tu, inywewe saa moja au mbili baada ya mlo, hasa na wajawazito, ambao pia hawapaswi kukosa vidonge vya madini chuma wanavyopewa kliniki. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji yake yamwagwe, jambo linalopunguza viambata vinavyozuia ufyonzwaji wa madini na kufupisha muda wa kupika, ambao huku juu ni mrefu. Kutia magadi ili yaive upesi ni desturi ninayoomba iachwe, kwani magadi huharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu.

Kwa upande wa mahindi, dona hubakiza chuma na zinki nyingi kuliko sembe iliyokobolewa, ila huharibika mapema kwa sababu ya mafuta ya kiini, hivyo isagwe kidogo kidogo. Kwa kalsiamu, debe la ulezi ni akiba bora kuliko wengi wanavyodhani: gramu 100 zake zina takriban miligramu 340. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao huongeza nyingine.

Maji husahaulika zaidi penye baridi, kwa maana baridi hupunguza kiu bila kupunguza mahitaji ya mwili. Mwanamke anahitaji takriban lita 2 kwa siku na mwanamume lita 2.5, yakihesabiwa humo humo yale yaliyomo katika uji, chai na chakula. Anayelima huhitaji zaidi. Mkojo wenye rangi nzito ni ishara kwamba amechelewa kunywa. Ulanzi hauhesabiwi hapa, maana kileo humfanya mtu akojoe zaidi. Mvua za mwanzo husomba uchafu hadi kwenye chemchemi na visima, hivyo kuni za kuchemshia zitafutwe mapema. Mbeya mjini maji huchemka katika nyuzi 94 hivi, zinazotosha kuua vijidudu yakitokota kwa dakika moja. Sehemu zilizo juu ya mita 2,000, kama Kitulo, yaachwe yatokote dakika 3.

Mwisho, kila mtu apimwe uzito kabla ya msimu, ili mabadiliko yaonekane. Kwa mtu mzima, kilo zigawanywe kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Jibu liwe kati ya 18.5 na 24.9. Mwenye kimo cha mita 1.65 atakuwa salama akiwa na takriban kilo 50 hadi 68, isipokuwa mjamzito, ambaye hatumii kipimo hiki. Kwa watu wa mjini wanaokaa ofisini, kamba yenye nusu ya kimo chao inapaswa kuzunguka kiuno na kukutana. Isipokutana, kitambi hicho, hata kikisifiwa mtaani, kinahitaji kupunguzwa taratibu. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 apimwe mzingo wa mkono wa juu na mhudumu wa afya: chini ya sentimita 12.5 ana utapiamlo, na chini ya 11.5 apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, kabla barabara haijawa tope.